Sauti Ile Ni Yangu

Makere, Kasulu
Novemba 2015

Kwako dada yangu mpendwa Uwimana,

Amahoro. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Kibondo: wewe, shemeji Elisante, Careen na mama yetu. Mguu wa mama unaendeleaje na mvua hizi? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa Kiswahili ili shemeji asome pamoja nawe. Yeye anajua kumwambia mtu jambo zito.

Bado ninaishi kwa mama Rosa, yule mjane aliyekuja mkimbizi zamani na sasa ni raia. Mchana namsaidia kupalilia maharage, jioni naandika. Nilipofika hapa nilikwambia nimepata uhuru, kwamba naweza kuandika lolote kuhusu wakubwa wa kwetu na mtu asije kunibishia hodi. Ni kweli, hapa hawakuja. Walikwenda kwa mdogo wetu Niyibizi, fundi baiskeli asiyewahi kuandika hata mstari, wakamfunga kwa makala zangu.

Ndipo Tharsisi, niliyesoma naye na ambaye sasa anawatumikia wakubwa hao, akanipigia simu. Alisema nikikubali kurekodiwa nikikiri kuwa yote niliyoandika ni uongo, Niyibizi ataachiwa. Nikakataa. Akamsogezea simu, nikamsikia mdogo wangu akikohoa, kikohozi cha mzee.

Uliniambia kwamba mliyasikia maneno yale redioni, na kwamba mama aliapa ile si sauti yangu. Dada, sauti ile ni yangu.

Ahadi waliitimiza. Niyibizi alivuka mpaka pale Kumsenga, akafika hapa amekonda, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Nililia kwa furaha. Mama Rosa akampikia ugali wa muhogo na dagaa. Alikula, kisha akaniuliza, "Kaka, katika yale uliyoandika, uongo ulikuwa upi?" Nikamjibu kwamba haukuwepo, nilitaka atoke tu. Akanyoosha mkono ule. "Walinivunja hivi ili niseme wewe ni mwongo. Sikusema. Wewe umewasemea hujaguswa hata ukucha."



Kila ulipopiga simu nikakwambia amelala, amechoka, nilikuwa nakuficha. Niyibizi hayupo. Siku moja tuliporudi kutoka shambani tulikuta ameondoka. Amerudi nyumbani. Tharsisi mwenyewe amenieleza huku analia: Niyibizi alisimama sokoni, mchana kweupe, akatangaza kwamba kaka yake hakuandika uongo, alilazimishwa kuyakana. Wamemchukua tena, na safari hii hakuna anayejua walikompeleka.

Dada, nimekwama. Nikisema, huenda wakammaliza. Nikinyamaza, ameteswa bure. Kesho nakwenda Kasulu mjini. Yuko mtangazaji aliyekubali kunirekodi. Nitayasema upya yote niliyoyakana, kwa jina langu. Sijui kama namwokoa au namuua. Nakusihi, mketishe mama umwambie kabla hajanisikia.

Mpe mkono shemeji, na umshike Careen kichwani kwa niaba ya mjomba wake. Mniombee, lakini anzeni na Niyibizi.

Mdogo wako,
Ndayikeza