Vidole viwili kwenye video ya harusi

Ijumaa, Msambweni. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka na joto lake la mvuke, na shuka imenigandia mgongoni. Viungo bado vinauma. Roho inauma zaidi, na hiyo hakuna mwenye duka la dawa hapa mtaani anayeijulia.

Ni wiki sasa tangu chikungunya inilaze. Asiyewahi kuugua ugonjwa huu asinicheke: vifundo vya vidole vinavimba, magoti yanakataa kukunjika, na kwenda msalani ni jambo la kuomba msaada. Mimi ni fundi cherehani, nakula kwa mguu na vidole, na wiki nzima cherehani imekaa pembeni imefunikwa leso.

Basi nimetazama sinema mpaka macho yamekuwa mekundu. Za Kihindi, ambamo kijana ananyeshewa wimbo mzima na hapati hata mafua. Za Kinaijeria, ambamo mama mkwe akikosa la kufanya anakwenda kwa mganga. Na tamthilia moja ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo mwanzo niliidharau, kisha nikashindwa kupumzika bila kujua nani atamwoa nani. Nikichoka kutazama nasikiliza taarabu kwenye simu, zile za zamani za fidla na udi. Za siku hizi za vijembe zilikuwa zikiniongezea homa.

Tamthilia nimeitazama na Riziki.

Riziki ni shoga yangu tangu madrasa. Talaka ya kwanza nilimwangukia yeye mapajani kabla sijamwambia hata mama. Ya pili alikodi tuktuk akanifuata Diani, akanibebea masanduku na cherehani, na njia nzima akamtukana aliyekuwa mume wangu mpaka dereva akacheka. Wiki hii amekuja kila siku na chupa ya uji wa mchele wenye pilipili manga. Amenikanda magoti kwa mafuta ya nazi, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda tukatazama pamoja. Katika tamthilia hiyo kuna rafiki mnafiki, anayechukua siri za mwenzake na kuzitembeza mjini. Riziki alimlaani huyo mwanamke kwa moyo wake wote. "Mtu kama huyu, shoga, hafai hata kumwazima chumvi," akaniambia, huku anasugua goti langu.

Nilicheka sana siku hiyo. Nilijiona nimebahatika.

Jana jioni mama mdogo akaniletea flashi. Jumamosi iliyopita aliozesha bintiye kule Gazi, na gauni la bi harusi nilishona mimi, nikashindwa kwenda kuliona limevaliwa. Akanihurumia. "Tazama, mwanangu, uniombee dua," akasema. Mwenyewe hajapata wasaa wa kuitazama, wageni bado wamemjaa nyumbani.

Kwetu sherehe ya wanawake ni ya wanawake. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko nje, migongo iko nje, kwa hiyo simu zote huachwa mlangoni ndani ya karai, na mama anayelinda karai hana masihara. Anayerekodi ni mpiga video mmoja wa kike aliyelipwa na wenye harusi, na kazi yake haitoki nje ya familia. Mimi ni familia. Riziki alialikwa tu.

Mwanzo nilifurahi. Gauni lilimkaa mtoto wa watu, mashallah, kiuno hakikuvuta hata kidogo. Kisha kikundi cha taarabu kikaanza wimbo wa kijembe, wa mwanamke anayerudishwa kwao na kila anayemwoa, kama nguo isiyomkaa mtu. Wimbo wa namna hiyo hauna mwenyewe mpaka mtu ainuke. Yule anayekwenda kumtunza mwimbaji kwa noti ndiye anayeamua unamwimba nani.

Akainuka Riziki, na dera lake la zambarau nililomshonea Idi. Akacheza mpaka mbele, akaweka noti kwenye kilemba cha mwimbaji, akageuka akawaelekea watu, akainua vidole viwili.

Viwili.

Jina hakulitaja, wala halikuhitajika. Ukumbi mzima ukapasuka kwa vigelegele, na karibu na kamera mwanamke mmoja akapiga kelele, "Huyo wa Msambweni!" wenzake wakaangua kicheko. Mpiga video naye akaona kipande hicho ni kitamu, akakipunguza kasi, akakitilia na mawaridi ya kompyuta. Kwa hiyo vidole vya Riziki vinapanda polepole, na maua yanamdondokea.

Nimekirudia kuliko sinema zote za wiki hii. Nilikuwa nikimtafutia kisingizio. Labda alikuwa akiagiza soda mbili. Labda alikuwa akiwajibu watu jambo jingine. Kisha nikamtazama uso. Namjua Riziki anavyocheka kwa heshima na anavyocheka kwa raha, na pale alikuwa na raha.

Talaka zangu si siri, kila mtu anazijua. Kinachonichoma ni kwamba nilizililia mapajani pake, na yeye akaziweka akiba mpaka upatikane wimbo. Halafu Jumapili asubuhi akaja na uji. Nilipomuuliza harusi ilikuwaje, akaniambia ilipoa kwa sababu sikuwepo.

Leo amekuja tena. Ameweka chupa mezani, amejifuta jasho, ameuliza tutazame nini.

"Harusi," nikamwambia.

Akaketi. Wimbo ulipoanza akawa anaufuatisha kwa midomo, ameusahau kabisa. Mpaka alipojiona mwenyewe anainuka. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, akauondoa. Tukatazama vidole vikipanda, maua yakidondoka.

"Nani amekuletea?" akauliza. "Si video hii ni ya wenye harusi tu?"

Hilo ndilo lililomtoka kwanza.

Kisha yakaja mengine, kwa haraka. "Shoga yangu, wimbo ulinikolea. Kila mtu alikuwa akitunza. Nawe hukuwepo, nilijua hutakuja kuju..." Akaishia hapo, akatazama chini.

"Ningekuwepo ungeinuka?"

Akaanza kufungua kifuniko cha chupa ya uji, akakifunga tena. Nilitamani nimtukane, na matusi ninayo, ya kutosha mtaa mzima. Lakini nikatambua kuwa nikimtukana tutapatana. Tungelia, tungeombana radhi, na kesho angekuja na uji, nami ningemsimulia mengine ya kuyaweka akiba. Nimechoka. Salamu yake nitaiitikia, kwa kuwa salamu ni lazima kuitikiwa. Siri zangu hatazisikia tena, na dera jingine atalitafutia fundi Ukunda.

Nikamwambia aende. Sikupandisha sauti. Akavaa buibui lake, akakosea tundu la mkono, akavaa tena.

Mama alikuwa uani anapeta mchele. Hajui lolote; wiki nzima amekuwa akimsifu Riziki kwa majirani. Nilimsikia akiagana naye kwa ule ukarimu wake. "Ahsante sana, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulipe kwa yote uliyomtendea mwenzio."

Riziki ni mtu wa kuitikia dua kabla haijamaliza kutoka mdomoni mwa mtu. Nikangoja. Hakuitikia. Nilisikia ndara zake tu zikienda upande wa mlango.

Nikajiinua kwa kiwiko, nikaitikia mimi, kwa sauti ya kufika uani na kupita:

"Amiin!"

"Alhamdulillahi," mama akamwambia kwa furaha. "Unamsikia? Leo amepata nguvu."