Kwa Baba Njeri, Kuhusu Watu wa Mahindi

Mpenzi wangu Baba Njeri,

Hujambo huko kambini? Sisi hapa Ruiru tupo, lakini nimekukasirikia, na nimeona heri nikuambie kabla hasira haijaniisha. Wewe na Wamaya wako! Mtoto amekataa uji.

Ngoja nikueleze vizuri. Njeri alishikwa na surua, na watoto wengi wa hapa kijijini pia. Homa imeshuka na vipele vimekauka, namshukuru Mungu. Nesi wa dispensari akasema sasa kazi ni kumlisha tu, arudishe nguvu. Basi nikapika uji, akafunga mdomo. Nikasonga ugali, akageukia ukuta. Viazi vitamu sina. Tangu askari wa serikali walipokuchukua kukuweka kizuizini na sisi tukahamishiwa hapa, shambani kwetu tunaruhusiwa kwenda saa chache tu, tena tukilindwa, na tunachogawiwa ni unga wa mahindi, basi. Nikambembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Mwisho akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Mama, mimi siwezi kula watu."

"Watu gani?"

"Baba alisema mtu alifinyangwa kwa mahindi."

Aiya! Nilicheka, Baba Njeri, nisamehe. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikaiangalia mikono ya mtoto ilivyokonda, nikalia.

Nakumbuka mara ya kwanza niliposikia habari za hao Wamaya. Nilikuwa nimefika Thika kutoka kwetu Maragoli, nakaa kwa kaka yangu kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, na neno la Kikuyu sijui hata moja. Wewe ulikuwa mwalimu wa shule ya shamba, na jioni ulitufundisha sisi watu wazima kusoma, kwa Kiswahili, kwa kuwa kila mtu pale alikuja na lugha ya kwao. Siku hiyo uliingia na jani la mkonge mkononi, ukauliza nani anajua limetoka wapi. Kaka yangu akasema, "Limetoka hapo nje, mwalimu, na asubuhi limenichoma." Watu wakaangua kicheko. Ukasema mmea huo ni mgeni, umevuka bahari kutoka nchi ya Wamaya, huko Amerika, watu waliosokota kamba zake tangu zamani za kale, wakajenga mahekalu ya mawe yanayopita miti kwa urefu, wakafuata mwendo wa nyota mpaka wakajua Zuhura itachomoza lini. Mimi nikasema, "Hata mimi ni mgeni hapa, na hakuna anayesimulia habari zangu." Ukaniangalia. Kaka yangu alikuona ukiniangalia! Alinisema njia nzima.

Tulipooana uliwaleta Wamaya mpaka jikoni. Mimi nasonga ugali, wewe umempakata Njeri, unamwita "maitu", mama yangu, kwa sababu amepewa jina la mama yako, na hadithi inaendelea. Miungu wakamfinyanga mtu kwa udongo, mvua ikanyesha, akayeyuka. Wakamchonga kwa mti, akatembea, akazaa, lakini moyoni hamna kitu; hakuwakumbuka waliomuumba wala hakujua kusema asante. Ndipo bibi mmoja wa huko juu akasaga mahindi, ya manjano na meupe, na unga huo ukawa nyama ya mtu. Ukimwambia hivyo unambana mkono kidogo, naye anacheka mpaka anakohoa.

Mimi nilipenda vile walivyouomba msitu ruhusa kabla ya kufyeka shamba, na kufukiza ubani ili mungu wa mvua awakumbuke. Yale ya wafalme kujitoboa ulimi ili damu yao iwe sadaka sikuyapenda, na nilikukataza usimwambie mtoto. Unakumbuka katekista alivyokujia juu, eti kwa nini unasimulia miungu mingine katika nyumba ya Mkristo? Ulimjibu kwa upole kwamba watu wanaoshukuru kwa chakula chao si watu wa kudharauliwa. Akanywa chai yake akaenda. Nilijivunia wewe sana siku ile, ingawa sikukuambia. Nakuambia leo.

Sasa wewe hupo, na mwisho wa hadithi mimi siujui. Kila ulipofika kwenye mahindi, ugali ulikuwa umeiva, nami nasema, "Mwalimu, nawa mikono." Kwa hiyo ilibidi nitunge. Nilimbeba Njeri mpaka nyuma ya nyumba. Nyumba hizi sisi wanawake tuliharakishwa kuzijenga, hata udongo haukupata kukauka vizuri, na ukuta umepasuka. Nikakanda tope, nikamwambia anisaidie. Tukakandika ule ufa pamoja, yeye na vidole vyake vyembamba.

"Nyumba ya udongo ikipasuka tunaiziba na nini?" nikamuuliza.

"Na udongo."

"Na mtu wa mahindi je, akikonda?"

Akafikiri. Akifikiri ana uso wako kabisa, lile paji linakunjika hivi. Kisha akasema polepole, "Na mahindi."

Ungeniona nikikimbilia sufuria ungenicheka! Alikunywa, Baba Njeri. Niliona koo likipanda na kushuka, nikasema asante kwa Mungu, na kidogo kwa Wamaya. Lakini kikombe kilipofika nusu akakiweka chini.

"Hii ni ya Baba. Yeye pia ni wa mahindi. Anakula?"

"Anakula."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Basi hujui," akasema, akakisukuma kikombe.

Tangu hapo anakula nusu tu ya kila ninachompa. Nusu haimtoshi. Nesi amemshika mkono akatikisa kichwa. Naogopa. Sijawahi kukuambia naogopa, hata siku walipokupandisha kwenye lori.

Ningenyamaza nisikuongezee mzigo, lakini Jumapili alipita hapa mtu aliyeachiliwa kutoka huko kwenu. Nilimkaribisha, nikamuuliza habari zako, akawa anaangalia chini. Mwishowe akasema chakula chako unampa mzee mgonjwa anayelala kando yako, na kwamba suruali yako sasa unaifunga kwa kamba. Wewe na huruma zako! Ni huruma hizo hizo zilizonifanya nikupende, na leo zinanichoma. Mgawie mzee, sikukatazi. Lakini mgawie, usimpe yote. Kumbe mtoto aliuliza swali la haki, na mimi nikamjibu kitu nisichokijua.

Nimekukosa, mume wangu. Nyumba imenyamaza. Nikisonga ugali hakuna wa kunichelewesha, unaiva kwa wakati, nao hauna ladha. Nilidhani wewe ndiye mwenye maneno mengi katika nyumba hii. Kumbe nami nilikuwa nayo, nikikuwekea wewe.

Njeri anazijua herufi sasa. Namfundisha kama ulivyonifundisha mimi, kwa kijiti kwenye vumbi. Barua yako atataka kuisoma mwenyewe, kwa hiyo usiandike mengi. Andika umekula nini. Sitaki habari za moyo wala za siku utakayorudi, hizo tutazungumza ukija. Na tafadhali, usimdanganye. Huyu mtoto akikushika na uwongo mara moja, hatafungua mdomo tena kwa ajili yangu wala yako. Kula kwanza, ndipo uandike.

Ni mimi mkeo, nipo na nakungoja,

Mama Njeri