Moto wa Babu katika Mji wa Taa

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Deo,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Kasongo. Kikohozi ulichokitaja kimepona? Na pikipiki, umeshaipatia cheni? Sisi huku Kanada tuko wazima, baridi tu ndiyo haina huruma.

Uliniuliza kama Mama amemlilia Babu. Nilichelewa kujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Tangu mlipotupigia simu kutoka Kabambare kwamba mmemzika baba yake, alikuwa anaenda kazini, anarudi, anaonja chakula, analala. Nilimwambia tukae kilio sebuleni. Akasema, "Kilio bila moto wa inje? Watu watajua namna gani kama hapa iko kilio?" Na mwenye nyumba haruhusu moto uani, hata wa kuchoma mahindi.

Sasa, kila majira ya baridi hapa mjini kuna tamasha la taa. Wasanii wanapamba mitaa ya zamani, ile yenye nyumba za mawe. Mwalimu alitutuma tukachague kazi moja tuiandikie insha. Penye watu wengi siwezi kwenda peke yangu, unanijua. Nikamwomba Mama anisindikize.

Tuliona samaki wa mwanga wakiogelea juu ya ukuta wa kanisa, na mti wa chupa za rangi. Mama alipita tu. Kisha tukafika kwenye uwanja mdogo wenye karai kubwa la chuma, moto unawaka ndani, watu wameuzunguka kwenye mabenchi, kimya. Mama akasimama. Akavua kitenge shingoni, akakifunga kiunoni juu ya koti.

"Ni nani alikufa hapa?"

"Hakuna, Mama. Ni sanaa."

"Watu wote hawa, na moto, na hakuna mufu?" Akatazama tena. "Basi watuazime huu moto. Sisi mufu tuko naye."

Akakaa, akalia. Kwa sauti, Yaya, kama kwetu, akimwita Babu kwa jina. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mzee mmoja alisogea kumpa nafasi, mwanamke mwingine akamletea chai.

Saa ya kufunga, mfanyakazi wa tamasha akaja na koleo kuzima moto.

"Mwambie aniachie," Mama akasema. "Moto wa kilio unazimwa na mwenye mufu, ndio kilio kinafungwa."

Mimi hata darasani siinui mkono. Nikasimama mbele ya watu wote, nikamweleza kwa Kifaransa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi Mama koleo. Mama akachota theluji, akaimwaga juu ya makaa mpaka moshi ukaisha.

Nyumbani alisonga bukari ya unga wa muhogo, akala, akaniuliza mbona mimi sili.

Insha nimeandika juu ya karai lile. Samaki nimewaachia wengine.

Nisalimie shemeji, mkeo, na mdogo wetu wa mwisho, aache kunichezea vitabu vyangu. Na Mjomba, aliyekasirika kwamba dada yake hakufika kwenye kilio, mwambie huku pia kilio kimefungwa. Moto Mama aliuzima mwenyewe.

Mdogo wako,
Furaha