Shati la Shemeji Yako

Dada yangu,

Hatujambo, na kitinda mimba ameota meno. Kiwanda cha mashati nilikokuwa mkaguzi kimefungwa, ila kila asubuhi navaa sare na kutoka, shemeji yako asijue. Leo nilikwenda kuomba kazi katika ofisi moja mjini. Nikaona uzi unaning'inia kwenye kifungo cha meneja aliyekuwa akinihoji, mkono ukauvuta wenyewe, kifungo kikadondoka. Nikaambiwa nitoke.

Njiani nikajiuliza: mimi najua nini hasa? Kasoro za nguo tu. Basi nizishone, watu wanilipe.

Nilipofika nyumbani nikatafuta sindano. Shemeji yako akaniwekea mapajani shati lake lililofumuka bega. "Vua sare, mama. Anza na hili." Kumbe alijua kitambo.

Nimeshona huku nalia. Mshono umekwenda kombo, dada, na mkaguzi ni mimi mwenyewe.

Mdogo wako