Taa Nyekundu na Vigelegele vya Harusi Yangu

Mpendwa Bi Rispah, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi ijayo, maana moyo wangu umejaa shukrani na aibu kwa pamoja. Niliolewa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nikatoka kwetu Wasini kwa mashua ya ami yangu Ishak kwenda kwa mume wangu huko Gazi, tukiwa watu ishirini, na kitanda changu cha chuma na mabati ya kuezekea, na mashua ilikuwa imepakwa rangi mpya kwa ajili ya harusi ila namba yake ami alikuwa hajaiandika tena, na hilo ni kosa. Mbele ya Msambweni ikatokea meli ya doria, ikapiga honi, nasi kwa ngoma na vigelegele hatukuisikia, tukaenda tu, hadi ikatukaribia nikamwona baharia mwenye darubini akitupungia mkono, tukadhani anatupongeza, tukazidisha vigelegele.

Kumbe Bi Rispah mauti yalikuwa hapo hapo. Wiki mbili baadaye walikuja maafisa wawili kumwuliza mume wangu, kama walivyouliza nyumba zote za pwani, habari za mashua isiyo na namba, na mimi nikiwamiminia kahawa nikasikia yote, kwamba meli ile imefungwa kompyuta ya majaribio ya kutambua vyombo vya adui, na sisi ilituona tuna chuma kingi, hatuna namba, hatusimami, ikawasha taa nyekundu, na baharia wa kupiga mzinga, yule yule mwenye darubini, Muange jina lake, amri aliyopewa ni taa ikiwaka apige, akakataa, akasema anasikia vigelegele. Sasa anashtakiwa kwa kuacha adui atoroke, atasikilizwa Alhamisi, na akishindwa, wakubwa wataiachia kompyuta ipige yenyewe bila kumngoja mtu. Afisa mmoja akanigeukia, "Bibi, wewe ulikuja Gazi kwa njia gani?" Ami alikuwepo, amekuja kututembelea, akanikazia macho, nami nikajibu, "Kwa gari, kutoka Shimoni." Ami anaogopa kunyang'anywa leseni, na ndiye aliyenilea. Lakini picha tuliyopigwa mashuani, meli ile ikionekana nyuma yetu, nimeificha sandukuni chini ya leso, na kila nikifungua sanduku nalia. Nifanyeje?

Bibi Harusi, Gazi

Marahaba, mwanangu, na hongera ya ndoa. Nimefurahi kwanza kwamba u hai wa kuniandikia. Sasa nikuseme. Mtu amekuokoa ukimwona kwa macho yako, nawe umemlipa kwa gari la Shimoni! Kumhofia ami sikulaumu, aliyekulea ana haki yake. Ila haki hiyo haifiki hadi kumtosa mtoto wa watu.

Na hiyo kompyuta sina ugomvi nayo. Ilitazama ilichofundishwa kutazama, na habari za harusi hakuna aliyeifundisha. Wakubwa wake ndio ninaowauliza: siku ikiua watu wasio na kosa, nani atasimama ajibu? Kompyuta haiapishwi. Muange ameitwa na anajibu, na kwa kunyamaza kwenu anaonekana mwongo. Akifukuzwa, mashua itakayofuata haitakuwa na mtu wa kuisikiliza, na huenda bibi harusi wake akawa mdogo wako.

Basi itoe picha leo hii. Mwonyeshe mumeo, kisha mwendeeni ami kwa adabu, umwambie unakwenda kusema kweli na ungependa akupeleke yeye. Akikataa, nenda na mumeo. Chukueni cheti cha ndoa chenye tarehe, mpitie kwa chifu awaandikie barua. Ami huenda akakaa miezi bila leseni, atanuna, atapoa, na mashua yake iko nzima kwa sababu ya huyo huyo Muange. Ukifika mbele ya wanaomsikiliza Muange, sema ulidanganya, usizungukezunguke, halafu waombe waandike kwenye sheria zao kwamba mzinga usipigwe kabla mtu hajatazama na kusikiliza.

Ukimwona Muange, usihangaike kutafuta maneno ya shukrani. Piga kigelegele kimoja tu. Atakujua.

Rispah Nzai