Jiwe la Mama Kwenye Pembe ya Ngome

Kijiji cha Iwadani,
Chini ya ngome ya Kurusawa,
Mwezi wa nane, siku ya tisa.

Kwa kaka yangu mpendwa Tokubei,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Natumaini kifua chako kimetulia sasa joto limepungua, na vumbi la mawe halikusumbui kama mwaka jana. Sisi huku tunapumua. Binti yangu Natsu ameolewa ng'ambo ya mto na ana mimba ya miezi mitano. Anakula figili za chumvi mchana kutwa, akitafuna kwa upande wa kushoto kama alivyotafuna mama. Nikimtazama nacheka, kisha naacha.

Barua yako niliipata mwezi wa tano. Unasema utakuja majani yakianza kuanguka, kwa ibada ya mwaka wa kumi na saba wa mama, na kwamba safari hii utaliosha jiwe la kaburi lake kwa mikono yako mwenyewe. Ubani uliotuma umefika. Lakini kabla hujafunga mzigo, kaka, isome barua hii hadi mwisho. Nakuomba usiichane katikati.

Kwanza nikupe habari ya msiba. Mume wangu, shemeji yako Genpachi, amefariki. Leo ni siku ya arobaini na mbili.

Ulipotuhama, mlima wetu ulikuwa na misonobari tu. Miaka miwili baadaye bwana wetu alitaka ngome, na aliitaka iishe kabla ya theluji kwa sababu jirani yake alikuwa anajenga yake. Mawe ya machimboni hayakutosha. Mnyapara wake, Bwana Isogai, akatangaza kwamba kila nyumba ilete jiwe moja refu, la kumfika mtu mzima kifuani, katika siku tano. Isiyoleta itoe mtu wa kuvuta mawe machimboni. Watu walileta vizingiti vya milango, wakaleta hata taa za mawe za hekalu. Mtawa alipolalamika kuwa sasa wanang'oa makaburi, Isogai alimjibu mbele ya watu, “Mheshimiwa mtawa, hao wafu wako wana shughuli gani? Wazima wanavunjika migongo, wao wamelala tu. Waamke nao watumike!” Watu wakacheka, maana asiyecheka alikuwa akitazamwa.

Jiwe la mama lilikwenda huko. Ndiyo, kaka, lile alilolichonga baba. Miaka kumi na mitatu nimekuandikia kwamba nimeliosha, nimelipangusa, nimeweka maua. Nilikuwa nikiosha udongo mtupu.

Genpachi alilikuta uwanjani limelazwa kati ya mengine. Alilitambua pale patasi ya baba ilipoteleza kwenye jina. Yeye ndiye aliyekuwa mwashi wa pembe, na wewe unaijua kazi hiyo: mawe marefu hulazwa moja huku moja kule, kama vidole vilivyofumana, na pembe ikisimama ukuta wote husimama. Ndipo mahali pa heshima. Akamlaza mama hapo, safu ya tano kutoka chini, jina likitazama ndani, mvua isilipige wala askari wasilisome. Aliporudi aliniambia kwamba amempa mama mahali pazuri kuliko pa bwana mwenyewe, kwani paa huungua na milango huvunjwa, lakini pembe hakuna anayeigusa.

Mwaka huu ikaja amri kutoka Edo, kwa mtawala mkuu, kila bwana abaki na ngome moja tu, nyingine zivunjwe. Yetu ikawa ya kuvunjwa. Nawe unajua ngome inavyovunjwa. Hakuna anayepoteza muda kung'oa ukuta mzima. Wanavunja pembe, mawe yake yanasukumwa handakini, kwenye maji yanayoizunguka ngome, na ukuta uliobaki haumtishi mtu tena. Utaiona ukija, imekaa kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele, na nyasi zimekwisha kuota. Genpachi angemweka mama katikati ya ukuta, kama jiwe lolote la hovyo, angekuwa amelala hapo hata leo.

Isogai amezeeka, lakini ulimi ni uleule. Alisema aliyejenga ndiye avunje. Genpachi alipiga magoti akaomba aachiwe jiwe moja tu. Akaulizwa, lina dhahabu? Akasema ni la mama mkwe wake. Wafanyakazi wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, “Jamani, wenzake wanaomba wakwe wafe, huyu anamfuata mpaka ukutani!” Isogai akafuta machozi ya kicheko, kisha akamjibu kwamba mawe ya pembe yameorodheshwa, mkaguzi wa Edo anafika keshokutwa, na sharti ayaone yote handakini.

Siku iliyofuata, wenzake walipokaa kula chakula cha mchana, Genpachi alishuka na mtaimbo kulitoa jiwe la mama kabla zamu yake ya kusukumwa haijafika. Mimi nilikuwa nimempelekea matonge ya mtama. Nilimwona akiligonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama alivyofanya kwa kila jiwe, kama mtu anayebisha hodi. Safu za juu zikateleza.

Hakufa papo hapo. Kutoka chini ya mawe tulisikia akigonga. Nilimshika Isogai miguu. Akasikiliza kidogo, akasema, “Mawe yakitua hulia, mama.” Kisha akatazama jua, akaamuru pembe ishuke kwanza. Yule wa mzaha akasema tumwache, kakumbatiwa na mama mkwe. Safari hii waliocheka walikuwa wachache, lakini hakuna aliyeweka mtaimbo chini. Mawe mengine yakashuka juu yake. Sijui kugonga kulikoma saa ngapi, kwa sababu kelele zilikuwa nyingi.

Walimtoa kazi ilipokwisha. Jiwe la mama lilikuwa limepasuka penye jina, na vipande vyote viwili vikasukumwa handakini mbele yangu. Mkaguzi alikuja kesho yake, akatazama kwa muda wa mtu kunywa kikombe kimoja cha chai, akaondoka.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Najua, ukifika hapa, unamlaumu Genpachi. Hukumpenda tangu mwanzo. Ulimwambia baba kwamba mtu yule hana mizizi. Si yeye aliyelitoa jiwe. Alitaka kumwomba Isogai amwondoe kwenye uashi, akavute mawe machimboni yeye mwenyewe. Nililitoa mimi. Siku ya tano, yeye akiwa kazini, niliazima ng'ombe wa jirani nikaliburuta juu ya magogo. Natsu, miaka saba, alikuwa akiyapanga magogo mbele yangu. Nilikuwa nimemwona mke wa Yohei akirudishwa kutoka machimboni juu ya ubao wa mlango, nikaogopa. Nilimwambia mama, wewe umekwisha kufa, nisamehe.

Wala si hilo tu. Isogai alipomkatalia, Genpachi alirudi akasema basi, tumwandikie kaka ukweli, atakasirika kisha atapoa. Nami nilikuogopa wewe kuliko nilivyomhurumia yeye. Nikamwambia, “Wewe ndiye uliyemweka kwenye pembe. Usiikanyage nyumba hii bila jiwe la mama.” Alimaliza supu yake, akaosha bakuli mwenyewe, akalifunika. Asubuhi akaenda.

Kwa nini nililitoa jiwe, hakuniuliza hata siku moja. Miaka kumi na mitatu, kaka.

Ubani wako wote nimemchomea yeye, bila ruhusa yako. Jiwe la kuosha hakuna, lakini njoo. Nitakuonyesha handaki, mahali maji yalipo meusi zaidi. Kisha keti mbele yangu unitukane yote uliyo nayo moyoni. Yeye hakunitukana, na nyumba imekuwa kimya mno.

Nisalimie wifi, na uwapapase watoto vichwa. Natsu anakuamkia kwa heshima zote, mjomba wake. Vaa nguo nzito, njia ya mlimani ina baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Kinu, mjane wa Genpachi