Tiramisu ya Mama Shiko

Mama Shiko, rafiki yangu,

Najua huko uliko barua hazifiki, lakini hapa Kisugu sina mtu mwingine wa kumwambia haya. Hata Kiswahili changu kimelala tangu tukuzike. Majirani wameenda kijijini kwa Krismasi, mwanangu Ojok yuko kambini na bunduki ya jeshi, hajapewa likizo. Ploti yote kimya. Tumebaki mimi na Shiko wako.

Mtoto ni mzima. Anakula, anaoga, anasali. Ila haongei. Halafu dada yako akapiga simu kutoka kwenu Nakuru, Kenya, kwamba baada ya sikukuu anakuja kumchukua, akasome huko na binamu zake. Nikamwuliza Shiko, "Wewe unataka?" Akainua mabega tu. Nikajiambia, nikimpikia kile chakula chako cha Krismasi ataona hapa pia ni kwao, atabaki.

Ile tiramisu uliyofundishwa na mapadre Waitaliano ulipokuwa unawapikia kule misheni ya Lubaga, ukaigeuza ya kwetu. Kahawa unaichemsha na tangawizi na mdalasini, unachovya biskuti, unapanga na krimu uliyopiga na mayai. Juu unaweka nyota ya karatasi, unanyunyiza kakao, ukiitoa nyota inabaki nyeupe. Mimi nasimama mlangoni naogopa mayai mabichi, wewe unacheka: "Mama Ojok, wewe utachemsha hata maji ya baraka!"

Basi nilichemsha. Nisamehe. Mtoto wako aumwe tumbo mikononi mwangu, nitasema nini? Nikaweka mayai na sukari kwenye sigiri ya makaa, nikakoroga. Mara yameganda mabonge mabonge. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, Mama Shiko. Sikuwa nalilia mayai.

Shiko akaja akachungulia sufuria. "Sasa hii tuitafutie chapati?"

Akacheka! Mara ya kwanza tangu msiba. Akavunja mayai mengine, akaweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, akapiga na sukari mpaka yakawa povu zito la moto kabisa. "Mama alianza kufanya hivi kwa sababu yako," akasema. "Alinikataza kukuambia, eti utaringa."

Miaka yote hiyo, bambi, jamani, na hukuniambia.

Tulikula baada ya misa, sisi wawili, na bakuli la watu kumi. Shiko akalamba kijiko akasema, "Ni yenyewe." Nikafurahi, nikaona nimeshinda. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayebeba glasi iliyojaa: "Kule kwa Auntie, krimu inapatikana?"

Nikajua anaenda. Nikamwambia Kenya krimu ni nyingi, usijali. Nikageuka nikaanza kuosha sahani iliyokuwa safi.

Dada yako anafika Ijumaa. Nguo nimefua zote, sweta nimelishonea kifungo, mdalasini nimemfungia kwenye karatasi. Nawaza baridi ya huko, nawaza kama watamkumbusha dawa zake za kifua. Nawaza kila kitu, unanijua. Moyo unasema mshike. Lakini ni damu yenu, na yeye anataka kuwa na watoto wenzake, si na mimi mama mzee wa wasiwasi.

Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi kitu kimoja tu: sitamwomba abaki. Nitambebea begi mpaka kwenye basi, nitacheka naye, nitapunga mkono mpaka basi lisionekane. Kulia nitalia nikishafika nyumbani na kufunga mlango.

Mimi wako,
Mama Ojok